Mashine Ikisimama

Tarehe 6 Februari

Mdogo wangu,

Pokea salamu zote kwa pamoja uzigawe mwenyewe huko, maana mimi sina nafasi. Nina gauni la harusi mezani na magauni ya wasimamizi, na bibi harusi mwenyewe kila akija kujaribu amenenepa kidogo. Nafasi niliyoacha kwenye mishono nimeifungua mpaka imeisha. Akiongeza hata kitumbua kimoja nitashona na ngozi yangu.

Mwanao hajambo. Tangu uende kuwapikia hao wajenzi wa barabara, amelia siku ya kwanza tu. Dawa zake anameza kila asubuhi baada ya uji, nimesimama mbele yake kama askari wa gereza. Akitoka shule anashinda nami humu chumba cha kushonea, chini ya meza ya kukatia, na mdomo haupumziki. Jina la Chiriku ulilompa, hukukosea hata kidogo. Anaiga wateja wangu wote. Juzi alimwiga mama wa bibi harusi mpaka nikajidunga sindano.

Dirisha nimelifunga. Vumbi la barabarani likigusa kitambaa cheupe, sina pa kuficha uso, kwa hiyo joto tunalivumilia. Nimepata pia mzee wa kunishonea vifungo, anakuja asubuhi na kuondoka jioni. Chiriku amempa jina Babu Vifungo. Mikono yake ni mizuri ajabu na hana maneno mengi, na katika nyumba yenye mwanao hiyo ni neema.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Kliniki tumekwenda. Muuguzi anasema virusi vya UKIMWI alivyozaliwa navyo vimepungua hata kipimo hakivioni. Nilitaka kupiga vigelegele pale pale. Halafu akasema anataka kumwanzishia dawa nyingine, ya kumkinga na kifua kikuu. Nikauliza, kwani ana kifua kikuu? Akasema hana, na ndiyo maana inaitwa kinga. Ati mtoto mwenye virusi, hata akimeza dawa zake vizuri, kifua kikuu humpata kwa urahisi kuliko wenzake. Nikamwambia mama yake yupo, kambini kwake simu haishiki, nitamwandikia kwanza. Nijibu haraka.

Bahasha nimeishona kwa uzi. Huyo dereva wenu, Gia, nayajua macho yake.

Dada yako,
Fundi


Tarehe 13 Februari

Dada,

Uzi nimeukata kwa kisu cha vitunguu. Gia ameniuliza kama ndani kuna dhahabu. Nimemwambia kuna suruali yake aliyosahau kulipia, akaondoka bila kuaga.

Hapa napika kwenye masufuria ambayo mimi na wewe tungeweza kuogea ndani. Wanaume wakirudi kutoka kwenye lami hawasalimii, wananusa. Dawa zangu mimi nameza nyuma ya stoo ya unga, nikijifanya nakagua magunia, na mpaka leo hakuna aliyeuliza.

Kuhusu hiyo dawa ya kinga, hapana. Dada, mtoto hana kikohozi, hana homa, kifua kikuu kitoke wapi? Ameanza kumeza vidonge kabla hajajua kutembea. Leo ameambiwa vipimo vyake ni safi, na zawadi yake iwe vidonge vingine? Hizi za kila siku si ndizo zinazomlinda? Halafu nikuambie lililo moyoni. Wateja wako wana macho na ndimi. Chupa moja kabatini utasema ni vitamini. Chupa ya pili utasema nini? Mimi niliondoka mtaa ule wa zamani kwa sababu ya chupa, sitaki mwanangu naye ahamishwe na chupa.

Waambie mama yake amekataa. Na mwambie Chiriku amwige Gia, nawe uniandikie ilivyokuwa, nataka kucheka.

Mdogo wako,
Mpishi


Tarehe 3 Machi

Mdogo wangu,

Nimewaambia. Muuguzi hakugombana nami. Alisema tu kwamba dawa za kila siku zimemjengea mtoto ukuta, lakini ukuta haujafika juu, na kifua kikuu kinapita na hewa. Kisha akasema, “Usipoziba ufa,” akaniachia nimalizie mwenyewe. Akauliza nani analala chumba kimoja na mtoto na anakohoa. Nikamjibu tunalala wawili tu, na mimi sikohoi, nakoroma. Akacheka, akasema milango iko wazi siku ukibadili mawazo.

Usiwe na hofu. Chiriku ametulia. Hata hutaamini, ameacha kuiga watu. Akitoka shule anakaa na Babu Vifungo pembeni, anamchambulia vifungo, vikubwa huku, vidogo huku, na simsikii mpaka jioni. Wateja wananisifu kwa malezi. Mama wa bibi harusi amesema mtoto ana adabu kuliko wasimamizi wote wa bintiye. Chakula anachagua kidogo, nadhani ni umri. Hilo la kumwiga Gia nimemwomba, akasema amechoka, labda kesho.

Gauni linakaribia. Nashona kutwa mpaka mguu unaendelea kukanyaga hata nikiwa nimelala.

Dada yako,
Fundi


Tarehe 12 Machi

Dada,

Ametulia? Chiriku wangu? Barua yako nimeisoma huku wali ukiungua na sijali. Mtoto huyu aliongea hata siku aliyong'olewa jino, damu mdomoni, akimweleza daktari jinsi ya kushika koleo. Leo mtu anamwomba amwige Gia, mtu mwenye tumbo kama lile, naye anasema amechoka?

Unanificha jambo. Au hunifichi, hulioni, sijui lipi baya zaidi. Nimelala vibaya siku zote tangu Gia aniletee ile bahasha. Wewe ni dada yangu na umenilelea mtoto kama wako, lakini naomba umpe karatasi aniandikie mwenyewe. Usisome, usimsahihishe herufi, usimwambie la kusema.

Na ile dawa ya kinga, nimebadili mawazo. Kama wateja watasema, waseme. Kesho mpeleke kliniki mwambie muuguzi mama amekubali.

Mdogo wako,
Mpishi


Tarehe 20 Machi

Kwa Mama,

Hujambo? Mimi sijambo. Mama Mkubwa amesema niandike mwenyewe na yeye hatasoma. Atashona bahasha amefumba macho. Kliniki amesema tutakwenda harusi ikiisha.

Umeuliza kwa nini siongei. Naongea lakini nikiongea sana nakohoa. Usimwambie Mama Mkubwa. Babu Vifungo naye anakohoa na tuna mchezo wetu. Mama Mkubwa akikanyaga mashine inapiga kelele trrrrrr, hapo ndipo tunakohoa. Akiinua mguu tunanyamaza. Ukikohoa mashine ikiwa imesimama umeshindwa. Zamani nilikuwa nashindwa sana, sasa mimi ndiye bingwa. Babu ndiye anashindwa, anaziba mdomo na vitambaa vya mabaki na macho yanatoka machozi nacheka.

Babu alisema ukikoholea nguo nyeupe ya bibi harusi unafukuzwa. Yeye alifukuzwa kwa fundi mwingine. Ana pipi za koo, anaing'ata moja katikati ananipa nusu. Ni mtu mzuri.

Usiku nakohoa ndani ya mto. Mama Mkubwa anakoroma hasikii. Na nguo yangu ya kulalia inalowa jasho lakini ni joto tu kwa sababu dirisha halifunguliwi.

Gauni la bibi harusi ni zuri sana, lina mkia. Utakuja lini? Sijachoka sana, kidogo tu.

Mimi,
Chiriku


Tarehe 27 Machi

Dada,

Inua mguu kwenye mashine. Hapo hapo ulipo, usimalize mshono, inua mguu, ukae kimya na usikilize. Wataanza kwa kujizuia. Wewe usikanyage tena mpaka wachoke kujizuia.

Mwanangu anakohoa. Babu Vifungo anakohoa. Wanakohoa wewe ukishona, wananyamaza wewe ukinyamaza, na wamefanya huo kuwa mchezo. Barua yake naiweka humu uisome mwenyewe. Usimgombeze, nakuomba kwa jina la mama yetu aliyetuzaa. Hajui alichofanya. Mchukue umpeleke hospitali leo, na huyo mzee aende pia. Mwambie muuguzi kuhusu jasho la usiku. Mwambie kwamba aliuliza habari za usiku na jibu lilikuwa mchana.

Usisubiri harusi. Bibi harusi na aolewe na shuka.

Gia anaondoka sasa hivi, anapiga honi, namshikilia kwa mlango wa lori.

Mdogo wako


Tarehe 31 Machi

Dada,

Hii sijui nitampa nani. Mvua imepiga usiku na mchana na daraja limekatika. Gia alikuwa njiani na barua yangu. Wengine wanasema alishavuka, wengine wanasema lori limeonekana upande wa huku limezama matope hadi milangoni. Kila anayeingia jikoni namuuliza, mpaka sasa wanachukua sahani nje.

Nimeomba ruhusa. Msimamizi amesema nitakwenda wapi na mto umejaa. Nilimjibu vibaya, na nikikumbuka nitamwomba radhi, lakini si leo.

Maharage nimeyatia chumvi mara mbili. Watu wazima wameyala kimya kimya, hakuna hata mmoja aliyelalamika. Nafikiri wananiogopa.

Dada, mimi ndiye niliyesema hapana. Mlipewa kinga mezani, nami nikaisukuma kwa sababu ya chupa. Nikiketi naiona ile chupa. Nikisimama naisikia ile mashine yako. Sijui kama umeinua mguu.

Mdogo wako


Tarehe 9 Aprili

Mdogo wangu,

Barua ya Gia ilifika ikiwa na matope, na Gia mwenyewe akiwa na matope zaidi. Alivuka daraja kabla halijaenda. Ile ya pili imekuja kwa mtumbwi na mtu nisiyemjua, bahasha haikushonwa uzi, na sijali.

Nilikuwa kwenye mkia wa gauni. Niliinua mguu. Nikakaa. Mtaa wote ukanyamaza masikioni mwangu, na pale pembeni wao wawili wameinamia vifungo, midomo wameifunga. Mwanzo nilifikiri umepagawa. Halafu Babu mabega yakaanza kutikisika. Akachukua kitambaa. Kisha mwanao, mdogo wangu, mwanao akawa mwekundu macho, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, akanitazama kana kwamba anasema kanyaga, Mama Mkubwa, kanyaga. Sikukanyaga. Alipokohoa alikohoa mpaka akakaa chini.

Sikumgombeza. Nilimbeba. Hapo ndipo ninapopaswa kukuambia nilichokuficha, na bora unichukie nikiwa nimesema. Alikuwa mwepesi, na nilijua. Sketi yake ya shule niliipunguza kiuno mara mbili. Nikajiambia mpira umelegea. Mwezi huo huo namfungulia mishono bibi harusi, mwanao namkazia, na mikono hii hii ndiyo ilifanya yote mawili. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nguo ndiyo kazi yangu, na sikuona.

Hospitali walimpiga picha ya kifua na kumpima. Ni kifua kikuu. Daktari anasema kimewahiwa, tiba imeanza, ni ya miezi. Ile dawa ya kinga sasa haifai, hiyo ni ya mtoto ambaye hajaugua, huyu anahitaji dawa kamili. Na zile zake za kila siku, moja inabidi ameze asubuhi na jioni, kwa sababu dawa za kifua zinaipunguza nguvu. Chupa kabatini ni nyingi. Nimeziweka mbele kabisa. Mteja akiuliza, nitamuuliza na mimi uzito wake.

Muuguzi hakunisuta. Hilo ndilo lililoniuma. Alinishika mkono tu, akanipima na mimi, na mimi niko salama. Na wewe nenda ukapimwe, amesisitiza, kwa sababu ulilala naye kabla ya kuondoka.

Babu naye anacho. Alikwenda mwenyewe, nyuma yetu, mbali, kama mtu anayefuata msiba asioalikwa.

Dada yako,
Fundi


Tarehe 17 Aprili

Dada,

Nimepimwa. Sina. Sasa nisikilize.

Huyo mzee asikanyage tena nyumba ile. Simtaki mlangoni, simtaki mtaani, vifungo vyake avile. Mtu mzima anajua kifua chake. Alifukuzwa kwa fundi mwingine na sababu anaijua, akaja kukaa bega kwa bega na mtoto wangu, akamfundisha kuficha. Kumwambukiza ni jambo la hewa, sawa. Lakini kumfundisha aumwe kimya kimya, hilo si hewa. Hilo alilitaka.

Wewe sikuchukii. Nimejaribu jana kutwa na nimeshindwa. Kila nikikukasirikia kuhusu sketi naikumbuka chupa yangu, basi tunatoka sare.

Daraja la muda linafunguliwa wiki ijayo na ruhusa nimepewa, nadhani kwa ajili ya maharage. Nakuja. Nikimkuta huyo mzee, utasikia.

Mdogo wako,
Mpishi


Tarehe 6 Mei

Dada,

Nimefika kambini salama. Kuna mambo sikuyasema nilipokuwa kwako, kwa sababu kila nikifungua mdomo Chiriku alikuwa ananitazama.

Siku ile nilipokuja, kabla hata sijabisha hodi, nilimkuta yule mzee. Alikuwa nje, chini ya dirisha lako, kwenye kigoda, na dirisha limefunguliwa pande zote. Wewe ulikuwa ndani unamkabidhi kazi kwa kijiti, kama anayemlisha simba. Nilikuwa nimekuja na maneno tangu kambini, nimeyapanga yote, mengine ni ya lugha ya kambi na yasingefaa mtaani kwako. Akaniona. Akajua mimi nani, maana tumefanana mimi na mwanangu. Kabla ya kunisalimu aligeuza uso upande wa ukuta, akashika kitambaa mdomoni, ndipo akasema, “Shikamoo ningekupa mimi leo, mama, lakini usinisogelee.” Mzee wa umri wa baba yetu. Nikaitikia marahaba bila kujua naitikia nini. Bado nimemkasirikia, Dada. Lakini hasira imekosa pa kukaa.

Lililonirudisha huku na jiwe tumboni si yeye. Ni mtoto. Dawa anameza, uji anamaliza, muuguzi amefurahia mizani. Lakini siku zote nilizokaa hakuongea. Ndiyo Mama, hapana Mama. Nilikohoa mimi, moshi wa jiko tu, akaruka akaniwekea kidole mdomoni. Kitandani alikohoa ndani ya mto, nikautoa mto, akalia, akaniambia sasa ameshindwa. Nilimwambia mchezo umekwisha, mwanangu, hakuna anayefukuzwa. Akasema ndiyo Mama.

Daktari ataponya kifua. Nani atamponya huko kunyamaza? Niambie ukweli wote, hata ukiwa mbaya. Usinipunguzie mishono.

Mdogo wako,
Mpishi


Tarehe 19 Mei

Mdogo wangu,

Ukweli wote: bado ananyamaza. Anakula, ananenepa, sketi nimeifungua mshono mmoja, nimekuwekea uzi wake humu uone kwa macho yako. Lakini mdomo umefungwa.

Bibi harusi ameolewa. Mkia ulikuwa na vumbi la dirishani na hakuna aliyeona, kila mtu alitazama chakula. Nimesota miezi nikilinda kitambaa kile dhidi ya upepo. Ningekuwa na akili ningekipiga rangi ya udongo tangu mwanzo.

Nimejiwekea sheria. Nikishona kidogo nainua mguu na kungoja. Jana nilingoja, akanitazama, mabega yakaanza. Na mimi nikakohoa, mdogo wangu. Kikohozi cha uongo, kikubwa, cha mlevi, mashine ikiwa kimya kabisa. Nikamwambia, “Nimeshindwa.” Babu kule nje kwenye kigoda akasikia, naye akakohoa, kitambaa mdomoni, akasema kwa sauti, “Mimi pia nimeshindwa, bingwa.” Mtoto alitutazama kwa zamu. Halafu akakohoa. Wazi, mkono juu ya mdomo kama muuguzi alivyomfundisha, na hakuziba kwa kitambaa wala mto. Kisha akauliza, “Sasa nani ameshinda?”

Nilikanyaga mashine ili asinisikie nikilia.

Dada yako,
Fundi


Tarehe 2 Juni

Kwa Mama,

Hujambo? Mimi sijambo kweli, siyo sijambo ile ya zamani. Bahasha hii nimeifunga kwa kifungo badala ya uzi, Babu alinionyesha tundu lake linavyokatwa. Gia akitaka kusoma na asome, hataelewa, na tumbo lake halimruhusu kuinama akiangusha karatasi. Jana nilimwiga anavyoshuka kwenye lori, anaanza na tumbo, halafu mguu, halafu anatukana tairi. Mama wa bibi harusi alikuwa amekuja kurudisha shela ya kuazima akacheka akakaa juu ya pini.

Dawa nameza zote. Ile nyekundu inafanya mkojo uwe wa rangi ya machungwa, nimewaambia wote darasani hakuna aliyeniamini, ila rafiki yangu mmoja. Muuguzi anasema nimepanda kilo na Babu amesema yeye pia, na daktari akimruhusu atarudi ndani lakini hataki, anasema nje kuna habari nyingi zaidi. Kweli ziko nyingi, ananiambia dirishani na mimi namwambia Mama Mkubwa, na Mama Mkubwa anasema hataki umbea halafu anauliza ikawaje.

Nikikohoa nakohoa mashine ikiwa imesimama. Sikohoi sana sasa. Mama Mkubwa anainua mguu kila saa anasikiliza, na mimi nikiona ameinua naanza kuongea ili asiwe na wasiwasi, naongea mpaka anasahau kukanyaga. Sasa hivi ananiambia nyamaza kidogo mtoto, nishone.

Nimekataa.

Mimi,
Chiriku